Achana na oili chafu: siti ya ngozi ya baiskeli chini ya mvua ya Bukoba

Ukinunua baiskeli yenye siti ya ngozi hapa Bukoba, iwe mpya au mtumba, hutamaliza wiki bila kupewa ushauri. "Ipake oili, italainika." Ukiuliza oili gani, unaelekezwa gereji ya bodaboda, kwenye lile dumu la oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Ni ya bure, ni nyeusi, inang'arisha, na kweli siti inalainika. Shida ni kwamba siti ya ngozi haikutengenezwa ili ilainike. Na anayeikalia kila siku ni wewe.

Ushauri wa pili unatoka mtandaoni, na karibu wote umeandikwa na watu wa Ulaya: nunua kopo la mafuta ya kampuni, paka mara chache kwa mwaka, weka baiskeli ndani. Wa tatu ni wa wazee wa baiskeli: "Vumilia, itakuzoea." Leo tunaupima ushauri huu wote mmoja mmoja, tuone nini kinasimama na nini kinaanguka pale kemia na fizikia zikiingia. Tunaposema siti tuna maana ya kile ambacho wengine mnakiita tandiko au kiti cha baiskeli.

Kwanza kitu chenyewe. Inamisha kichwa uangalie chini ya siti ya ngozi. Hakuna sponji wala ubao, kuna hewa tu. Kipande kimoja cha ngozi nene, kama milimita 5, kimevutwa kutoka kwenye pua ya siti mpaka kwenye upinde wa chuma wa nyuma, kikafungwa kwa ribiti pande zote mbili. Yaani ni kitanda cha kamba, ila cha ngozi. Kinachokubeba ni mvutano. Siti ya sponji inakubeba kwa kubonyea. Hii inakubeba kwa kuvutwa. Ukishaielewa tofauti hiyo, maswali mengi ya utunzaji yanajijibu.

Aliyeifanya siti ya namna hii iwe biashara kubwa ni John Boultbee Brooks, ambaye mwaka 1866 alianza kutengeneza hatamu na vifaa vya farasi huko Birmingham, Uingereza. Hadithi inayosimuliwa na kampuni ni kwamba farasi wake alikufa, akaazima baiskeli, makalio yakamuuma, akaamua kutafuta dawa. Hataza yake ya siti ni ya 1882. Hadithi ya farasi ni tamu na inauza, lakini la maana zaidi ni kwamba fundi wa hatamu tayari alikuwa anaijua ngozi inayobeba mvutano. Raleigh za Nottingham zilikuja Afrika Mashariki na siti za namna hii, na Phoenix za zamani kutoka Shanghai zikaja na za kwao zenye springi kubwa nyuma. Ndizo hizo bado unaziona zikipanda kutoka Bilele kuelekea Rwamishenye, nyingine zimelala upande kama mtumbwi uliotobolewa.

Sasa, ngozi ni nini? Ngozi mbichi ya ng'ombe ni nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, zimesokotana kama kamba za katani. Ukiiacha hivyo, bakteria wanaila ikaoza, au inakauka ikawa ngumu kama kigae. Ili iwe ngozi ya kudumu inalowekwa kwenye tanini, kemikali zinazopatikana kwenye magome na majani ya miti mingi. Tanini hushikana na kolajeni, zinajaza nafasi kati ya nyuzi, na bakteria wanashindwa kuitafuna kirahisi.

Wewe wa Kagera unazijua tanini hata kama hujawahi kusikia jina. Menya ndizi mbichi za kupika bila kupaka mafuta mikononi uone vidole vinavyokuwa vyeusi. Utomvu uleule ukidondokea shati jeupe, shati hilo limeshakuwa la shamba. Ule ukakasi wa ndizi mbichi ukiitafuna ni tanini zinashikana na protini za mate yako, jambo lilelile zinalolifanya kwenye ngozi. Yaani ulimi wako unatengenezwa ngozi kidogo, bahati nzuri si kwa muda mrefu. Viwandani tanini nyingi hutoka kwenye gome la miwati, na Tanzania tunalo: kampuni ya TANWAT imekuwa Njombe tangu 1949, ikitengeneza unga wa gome hilo.

Kuna jambo moja la kisu na ndizi ambalo linahusu siti moja kwa moja. Kisu cha chuma cha kawaida ukikimenyea ndizi mbichi kinapata weusi. Tanini zikikutana na chuma kwenye maji zinatengeneza mchanganyiko mweusi. Wino wa kuandikia wa zamani Ulaya ulitengenezwa kwa kanuni hiyohiyo. Kwa hiyo ukiona duara jeusi kuzunguka ribiti zenye kutu, usidhani ni uchafu wa kusugua. Chuma kimeingia kwenye ngozi. Na chuma hicho kinaharakisha kuchakaa kwa nyuzi, ndiyo maana siti nyingi zinachanikia hapo hapo kwenye matundu ya ribiti, siyo katikati unapokalia.

Tuje kwenye maji. Bukoba inapata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. London, ambayo dunia nzima inaitania kwa mvua, inapata kama 600. Kwa hiyo maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Mwingereza mwenye stoo kavu yanafika kwetu yakiwa yamepungua uzito mara tatu. Maji yakiingia kwenye ngozi yanajipenyeza kati ya nyuzi za kolajeni na kuzifanya ziteleze. Ngozi iliyolowa haijaharibika bado. Inaharibika ukiikalia ikiwa imelowa, kwa sababu nyuzi zinateleza chini ya uzito wako, zinabaki zimerefuka, na ikikauka inakauka na umbo hilo la bonde. Safari moja ya Bukoba mpaka Kemondo kwenye mvua, umekaa juu ya siti iliyolowa, inaweza kuipa siti uzee ambao ungechukua miaka.

Kosa linalofuata ni kuikausha haraka. Watu wanaiegesha baiskeli jikoni karibu na moto, au wanaigeuzia siti kwenye jua la mchana. Ngozi ya tanini ikiwa na maji inaanza kunywea na kukakamaa joto likipita nyuzi 70 za Selsiasi hivi, na karibu na mafiga joto hilo linafikiwa haraka kuliko unavyofikiri. Ikishanywea hairudi. Futa maji kwa kitambaa, iache kivulini penye upepo usiku kucha, hata siku mbili. Kama lazima usafiri kesho yake asubuhi na bado ina unyevu, basi simama kwenye pedeli ukiweza au tembea kidogo. Najua ushauri huu unachekesha kwa mtu mwenye mikungu minne nyuma.

Kuifunika ni bora kuliko kuikausha. Zamani kila siti ilivaa mfuko wa rambo na kazi ikaisha, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na hatuna sababu ya kuililia. Kipande cha turubai chenye uzi wa kukaza kinafaa, au kofia ya plastiki ya kuogea. Ila usiiache imefunikwa usiku na mchana. Hewa yetu ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi, na chini ya plastiki unyevu unanaswa, kesho kutwa unafunua unakuta kuvu kama unga wa muhogo. Kuvu kwenye ngozi hufutika kwa kitambaa kikavu ukiiwahi. Ukichelewa inaanza kula mafuta ya ngozi, na baadaye ngozi yenyewe.

Na watu wanasahau upande wa chini. Juu ya siti kumepigwa rangi na kung'arishwa, maji yanateleza. Chini ni nyuzi wazi, zinakunywa kama sifongo. Baiskeli isiyo na madigadi ya nyuma inaurushia upande huo maji na tope jekundu kila mzunguko wa tairi. Mtu anakuambia siti yake ameitunza, juu inang'aa kama kiatu cha Pasaka, kumbe inaoza kutokea chini.

Turudi kwenye oili ya injini, maana hapa ndipo hoja yetu inakuwa nzito kuliko suala la siti kuharibika. Mafuta yoyote mengi yanafanya kama maji: yanazipa nyuzi utelezi. Tofauti ni kwamba maji yanakauka, oili haikauki. Ngozi iliyoloweshwa oili inakuwa laini siku zote, na kitanda cha kamba chenye kamba laini kinabonyea. Ile raha ya wiki ya kwanza ni siti inayoanza kufa. Baada ya miezi unakaa juu ya chuma.

Halafu kuna wewe. Oili iliyotumika kwenye injini imebeba masalia ya petroli iliyoungua, na ndani yake mna kemikali za jamii ya hidrokaboni zenye pete nyingi, jamii ileile inayopatikana kwenye masizi. Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kuhusu saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa wasafisha dohani. Masizi yalikuwa yanakaa kwenye mikunjo ya ngozi yao miaka na miaka. Ilikuwa mara ya kwanza saratani kuhusishwa wazi na kazi ya mtu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huohuo ukaonekana kwa wafanyakazi wa viwanda vya kusokota pamba Uingereza, ambao nguo zao zililowa mafuta ya mashine sehemu hizohizo. Hatusemi siti moja iliyopakwa oili itakupa saratani. Tunasema joto, jasho, msuguano, suruali moja nyembamba, saa kadhaa kila siku kwa miaka: hayo ndiyo mazingira ambayo historia imeshatuonyesha mabaya yake. Kwa mwanafunzi anayekwenda chuo dakika kumi ni jambo dogo. Kwa kijana anayesukuma na kuendesha kutoka Muhutwe kila siku ya soko ni jambo la kufikiria sana.

Mafuta ya kula je? Alizeti na mengine ya maji yanashika oksijeni ya hewani taratibu na kugeuka utando unaonata. Angalia pembeni mwa kikaango cha zamani utauona. Samli inachacha, siti itanuka kabla hujafika Hamugembe. Kiwi ya viatu haiui siti, lakini rangi yake itahamia kwenye suruali yako, na nta yake ni ya juujuu tu.

Kopo la kampuni, ile Proofide ya Brooks, ni kitu kizuri, na hapa maelekezo ya Ulaya hayajakosea: mafuta kidogo, mara chache. Lakini ukisoma kilichomo unakuta msingi wake ni mafuta ya mnyama na nta, vitu ambavyo si lazima visafiri kwa meli. Chukua mafuta magumu ya ng'ombe buchani, yayeyushe kwenye maji yanayochemka, yaache yapoe, toa lile tabaka la juu (chumvi na damu vimebaki kwenye maji). Liyeyushe tena pamoja na nta ya nyuki, ukiweka kikopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, siyo moja kwa moja juu ya moto. Sisi tunapenda nta iwe nyingi kidogo kuliko wanavyoweka wenye hali ya hewa kavu, kwa sababu kazi kubwa hapa ni kuzuia maji. Paka chini ya siti vizuri, juu paka utando mwembamba, acha usiku mmoja, futa kinachobaki. Kwa Bukoba tunashauri kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Oktoba. Mara mbili. Mtu anayepaka kila Jumamosi anaiua siti kwa mapenzi.

Sasa nati ya mbele. Siti nyingi nzuri zina bolti chini ya pua ambayo ukiizungusha inasukuma pua mbele na kuikaza ngozi. Ni kifaa kizuri, na ndicho kinachotumiwa vibaya kuliko vyote. Siti ikibonyea kidogo mtu anachukua spana anakaza mpaka ngozi inalia kama ngoma. Fikiria kamba ya kuanikia nguo. Ikining'inia kiasi, ndoo ya maji katikati inabebeka. Ukitaka kamba inyooke kabisa huku ndoo iko pale, utavuta mpaka nguzo zing'oke.

Hesabu ya haraka, tukichukulia ngozi kama kamba iliyosambaziwa uzito sawasawa: kilo 50 zinaangukia siti yenye urefu wa sentimita 25. Ikibonyea sentimita 2.5 katikati, ribiti zinavutwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 62 hivi. Ukaikaza mpaka ibonyee sentimita 1 tu, mvuto unapanda mpaka zaidi ya kilo 150. Uzito wako haujabadilika hata gramu moja. Siti halisi si kamba, namba zitatofautiana, lakini mwelekeo ni huo. Ndiyo maana bonde dogo kwenye siti ni jambo la kawaida na halihitaji spana. Kaza nusu mzunguko pale tu unapohisi unagusa chuma, kisha iache miezi. Ukiona unakaza kila wiki, ngozi imeshachoka, na spana haitaifufua.

Kuhusu "vumilia, itakuzoea": nusu yake ni kweli. Ngozi ikibebeshwa uzito muda mrefu inajinyoosha polepole pale mifupa miwili ya makalio inapokaa, na joto na jasho lako vinasaidia. Baada ya kilomita mia kadhaa kunakuwa na vibonde viwili vyako. Lakini siti nyembamba kuliko mifupa yako haitapanuka kamwe, kwa sababu upinde wa chuma wa nyuma haunyooki. Mifupa ikikosa mahali, uzito unahamia katikati, juu ya mishipa ya damu na ya fahamu inayokwenda sehemu za siri. Ganzi ndiyo dalili yake. Mwaka 2008 watafiti wa NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani ya afya kazini, walichapisha matokeo ya polisi wa doria za baiskeli waliotumia siti zisizo na pua kwa miezi sita: waliokuwa wakilalamika ganzi walipungua sana. Maumivu ya mifupa wiki ya kwanza, vumilia. Ganzi usiivumilie hata siku tatu. Shusha pua ya siti kidogo, pandisha usukani, na ikiendelea badilisha siti.

Kupima upana ni rahisi. Weka kipande cha katoni juu ya ngazi ya saruji, kaa juu yake wima dakika moja, kisha pima kati ya vibonde viwili. Ongeza sentimita mbili au zaidi, huo ndio upana wa chini wa sehemu ya nyuma ya siti. Baiskeli zetu nyeusi zinamkalisha mtu wima, uzito karibu wote unaangukia nyuma, kwa hiyo siti pana yenye springi ndiyo yake. Ile nyembamba ya kimichezo inayouzwa kwa mbwembwe ni ya mtu aliyeinama. Wanawake kwa wastani wana nafasi kubwa zaidi kati ya mifupa hiyo, na siti za pua fupi si urembo, zina maana.

Ukiwa kwa muuzaji, geuza siti. Ngozi ya kweli chini ina manyoya mafupi ya nyuzi, na ukingo uliokatwa ni kahawia mpaka ndani. Ukingo wa kijivu cha bluu ni ngozi ya kromi, laini, nzuri kwa mkoba, haifai kubeba mvuto huu. Tone la maji upande wa chini linazama na kuacha doa la giza. Kwenye plastiki linateleza. Kisha angalia matundu ya ribiti. Ufa wowote pale, hata wa unywele, rudisha.

Je, tunamshauri kila mtu anunue ya ngozi? Hapana. Kama baiskeli inalala nje, kama inaazimwa na nusu ya mtaa, kama hujui nani ataiacha kwenye mvua, siti ya plastiki yenye sponji ni uamuzi wa akili na hakuna haya yoyote. Ule wimbo wa "inadumu maisha" una masharti ambayo wauzaji hawayasomi kwa sauti. Ngozi inamfaa mtu mmoja, baiskeli moja, na paa moja. Kwa huyo, hakuna siti inayopitisha hewa na kukaa poa kama hii kwenye mteremko mrefu wa Kamachumu.

Na kama fremu ni nzima ila ngozi imechanika, usiitupe. Muone fundi viatu, muombe ngozi ya soli, ile ngumu ya kahawia, siyo ya juu ya kiatu. Iloweke mpaka mapovu yaache kutoka, ivute juu ya fremu uliyoiziba tumbo kwa ubao na kuifunga nailoni pale ngozi itakapogusa chuma, ifunge kwa mpira wa tyubu, iache kivulini mpaka ikauke kabisa. Mgongee ribiti za shaba. Waya mnene wa shaba uliokatwa na kupondwa kichwa unatosha. Msumari wa chuma utaanza kuiandika wino mvua ya kwanza tu.